Mama Antena na Jumamosi za Zahanati

Ni mwaka mmoja sasa tangu moyo wako usimame, Mama, na nyumba hii imepungukiwa maswali. Hakuna tena wa kutuuliza kwa nini sufuria huvuma kabla maji hayajachemka, au fundi bomba huwaza nini akiwa ameinama chini ya sinki. Tulikuwa tunachoka na udadisi wako. Sasa tunautafuta hatuuoni.

Ulikuwa fundi wa maabara chuoni miaka ishirini na sita, ukitengeneza vilivyovunjwa na wanafunzi bila kuwasema sana. Klabu yao ya redio ilipokosa mlezi, ukajitwika. Ukafanya mtihani wa leseni una miaka hamsini, ukapewa jina la kituo, herufi na tarakimu tupu, ukawa unalitamka kwa maringo kuliko jina ulilopewa na wazazi. Wanafunzi wakakubatiza Mama Antena.

Wao walitaka kujifungia kule juu ya maabara waongee na wenye redio wenzao wa mbali. Ukawaambia, "Huo ni uchoyo, wanangu. Shukeni." Basi kila Jumamosi asubuhi mkabeba redio, betri ya gari na waya mrefu hadi zahanati, mkaufunga waya kwenye nguzo ya kuanikia mashuka. Aliyekuwa anasubiri daktari alipewa kipaza sauti amuulize swali mtu asiyemjua. Mzee mwenye plasta mguuni aliuliza kama huko jua limeshachomoza. Mama mjamzito aliuliza kama na huko wakunga ni wakali. Wewe ulisimama ubavuni mwao, maana asiye na leseni haongei hewani bila mwenye leseni kuwa naye, na majibu yote ukayaandika daftarini.

Shangazi yetu alishika kitufe dakika nane akilalamika kwamba huyo mtu hana adabu, hajibu. "Wifi, achia kitufe ndipo ajibu!" ulimwambia. Mpaka leo anasema redio ilikuwa mbovu.

Baba hakutaka hata kusikia. Alikaa kwenye cherehani yake akinung'unika, "Mke wangu Jumamosi nzima anaongea na hewa." Nawe hukukosa jibu: "Hewa inanijibu, mume wangu. Wewe je?"

Ulipotutoka, wanafunzi walikuja kuturudishia daftari lako. Wenzao wawili waliokuwa na leseni walikuwa wamehitimu na kuondoka, na mlezi mwingine hakupatikana. Jumamosi za zahanati ndiyo basi tena, walisema, na binti mmoja akalia kwa uchungu. Baba alilisoma lile daftari siku mbili, cherehani imefunikwa. Siku ya tatu, tukiwa tunakula, akauliza, "Hivi mawimbi yanapitaje ukutani?" Tukatazamana. Ulikuwa umemwambukiza, Mama.

Alisoma miezi mitano, miwani puani, vitabu juu ya vitambaa vya wateja. Mtihani wa kwanza akaanguka, na sababu tunakuambia ili ucheke. Maswali ya karatasi aliyapata. Kisha akaketishwa kwenye redio aite kituo, na kanuni ni kujitambulisha kwanza, kwa kifupi. Baba yetu huyo! Akaanza: "Hamjambo huko? Mmeamkaje? Watoto wazima? Wazee nao? Na kazi?" Mtahini, aliyekuwa upande wa pili, akajibu, akajibu, mwisho akasema, "Mzee wangu, habari za kwangu zimekwisha. Wewe ni nani?"

Akarudi amenuna. "Niingie kwa watu nikitangulia na jina langu? Sikulelewa hivyo mimi!" Tulicheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi ya kweli, maana ulistahili kuwepo.

Miezi minne baadaye alirudi tena, akafaulu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda naye zahanati. Alivaa suti aliyoishona mwenyewe. Akataja jina la kituo chake, jipya kabisa, akasema yupo na klabu ya wanafunzi zahanati, akaachia kitufe. Sauti ya mwanamume ikatoka kwenye kelele za redio: "Nakupata vizuri. Zahanati hiyo naijua. Yule mama yupo?"

Tulidhani Baba atampa mwanafunzi kipaza sauti atoke nje, na wala tusingemlaumu. Akabonyeza.

"Alifariki mwaka jana. Mimi ni mume wake."

"Pole sana, ndugu yangu. Pole sana."

"Nimeshapoa. Nina swali, kama una nafasi."

"Uliza."

"Alikuwa anakuambia nini?"

Mtu yule aliongea karibu nusu saa, Mama. Baba alikuwa anaandika tu, kwenye daftari lako, kurasa tatu, na hataki tuzione. Alipomaliza akafuta miwani, akamsogezea kiti mgonjwa wa kwanza kwenye foleni, akasimama ubavuni mwake.

Unakumbukwa na mumeo, mlezi mpya wa klabu, sisi wanao watatu, tulioandika haya tukinyang'anyana kalamu, mkweo, wajukuu wako wawili, wifi yako, mdogo wako, na watoto wako wa redio, waliohitimu na wanaosoma.

Daima tutakukumbuka, na maswali ya kukuuliza hayatuishi.