Njia Aliyopita Shemeji Tlali

Maputsoe,
9 Januari

Kwa dada yangu mpendwa 'Mapoloko,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Poloko na mdogo wake, na kwamba lile bega lako limepata nafuu tangu baridi iondoke. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio mgonjwa, na sababu yake utaisoma humu humu.

Barua yako niliipata kwa dereva wa unga. Unataka kutembea njia yote aliyopita marehemu mumeo Tlali, toka Mokhotlong hadi Sehlabathebe, ili watoto waweke jiwe pale alipokutwa kwenye theluji. Umesema nipange mimi, kwa kuwa nilichunga huko juu miaka tisa. Nimepanga.

Nendeni Machi, mifugo ikiwa bado juu na vibanda vya wachungaji vina watu. Siku ya kwanza msijitie ushujaa, laleni kwa Ntate Lebona, yule mzee mkuu wa wachungaji. Siku ya pili mto mtauvuka asubuhi, maana mvua ya mchana huujaza. Siku ya tatu ni mlima mtupu, watoto watalia, waache walie huku wakitembea. Mahali penyewe mtafika siku ya nne. Bebeni lipabi ya kutosha, yale mahindi ya kukaanga na kusaga anayoyaweza mama, kwa sababu kuni hakuna, ni samadi kavu tu. Na mkikaribia kibanda simameni mbali mpige kelele mpaka mwenyewe awaite mbwa wake. Mbwa wa kule hawajui shemeji wala mjomba.

Haya sikuyatoa kichwani. Kabla ya Krismasi nilipanda kwa Ntate Lebona kuuliza. Alinicheka mpaka akakohoa. Akasema, "We si mtoto wa huku? Miaka minne ya kufagia duka, leo unaulizia njia!" Kisha akasema afadhali mimi nimeuliza, maana yule shemeji yangu wa tambarare alikuwa na kichwa kigumu, angeuliza, angeambiwa kwamba chifu ameshaamuru mifugo iteremke. Nikamaliza pombe yake, nikateremka.

Dada, aliuliza. Aliniuliza mimi.

Alipita dukani Mei, blanketi begani, akataka kujua kama wachungaji bado wako juu. Nilikuwa na miaka mitatu sijakanyaga huko. Lakini wenzangu wa dukani walikuwa wanasikiliza, nikaona aibu mtoto wa milimani kusema sijui. Nikamwambia, "Wapo mpaka katikati ya Juni, shemeji. Utachoka kula nyama!" Akacheka, akanishukuru, akaenda. Mwaka ule majani yaliisha mapema, na chifu alikuwa ameshateremsha kila mtu.

Alikutwa mbele ya kibanda cha nne. Vitatu alivikuta vitupu, majivu yamepoa, na bado akaendelea kwa sababu alikuwa na neno langu.

Barazani kwa chifu waliniuliza kama aliniaga. Nikasema hakuniaga, wala hakuuliza mtu njia. Kaburini ulilia, "Baba Poloko, kwa nini hukuuliza?" na mimi ndiye niliyekushika mkono. Sasa nasikia shuleni wanamwita Poloko mtoto wa kichwa kigumu. Nimekula na kulala juu ya uongo huo, na nimejichoka.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu nitasimama barazani niyaseme haya mbele ya watu wote. Njia nimekuandikia siku kwa siku ili uweze kwenda bila mimi, na Ntate Lebona amekubali kuwaongoza. Ukitaka nije, nitatembea nyuma yenu na mizigo. Usipotaka, usinijibu, wala sitakulaumu.

Nisalimie mama, na umwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa majirani. Poloko mwambie leo, usingoje baraza, kwamba baba yake aliuliza.

Ni mimi mdogo wako,
Khethisa