Ulijaza Paka, Ilikuwa Birika

Kwako Baba Keza,

Ulinishtaki mbele ya watu, basi na jibu lako lisomwe na watu. Ujumbe wako umefika. Unasema Jumamosi unakuja hapa Gatsata kwa mama, wewe na wazee wenu, kunirudisha nyumbani kwa desturi, na pombe mmeshaagiza. Kabla hamjapanda gari, keti kidogo tuzungumze habari za paka.

Unamkumbuka? Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, mwaka wetu wa kwanza kule Kinyinya, majirani wanajenga pande zote na vumbi la saruji linaingia mpaka kwenye sukari. Nilikuwa nimenunua kitabu cha mafumbo ya picha, yale yenye visanduku vitupu na namba pembeni. Namba zinakuambia kila mstari una visanduku vingapi vya kutia weusi, na ukivijaza sawasawa picha inajitokeza yenyewe. Nilikueleza kwa upole, maana bado nilikuwa bibi harusi. Nikasema, mstari una visanduku kumi na namba ni nane, na hivyo vinane vinashikana. Visukume kushoto, visukume kulia, vile sita vya katikati lazima viwe vyeusi. Jaza hivyo. Vingine viache mpaka mistari mingine ikuambie.

Ulinisikiliza kama mtu anayengoja tangazo la redio liishe. Kisha ukachukua kalamu ya wino. Ya wino, Baba Keza, wakati penseli ilikuwa mezani. Ukaona visanduku vichache vimechongoka pembeni, ukasema, "Sha, hii iko sikio. Hii iko paka."

"Bado hatujui," nikakuambia.

"Wewe iko hesabu, hesabu tu. Mimi naona paka."

Ukamtia mkia, ukamtia masharubu. Namba za chini zikakataa, ukazibana. Nilipoiacha na kuianza upya kwenye karatasi nyingine, ikatoka birika. Sikio lako lilikuwa mdomo wake, na mkia ulikuwa mkono wa kushikia. "Kitabu iko na makosa," ukasema, ukaenda kutazama mpira.

Siku ile nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilikupenda, niseme nini. Jumapili zilizofuata ulinichongea penseli kwa wembe, ncha nyembamba kuliko niliyoweza mimi, ukakaa karibu yangu ukibahatisha kwa mdomo: ndizi, kanisa, mbuzi. Nilidhani ni mzaha wa mtu na mkewe. Sikujua kwamba mume wangu alikuwa na namna moja tu ya kufikiri, na ndiyo hiyo.

Mtu anayebahatisha si mjinga. Ningekuonea huruma kama ungekuwa mjinga. Ni mvivu anayejiamini. Akiona vitu vitatu anamaliza picha, na kila kinachokuja baadaye anakilazimisha kiingie. Mtu anayefikiri anaweza kuacha nafasi wazi na akalala usingizi wake. Mvivu nafasi wazi inamuwasha, lazima aifukie kwa kitu, na kilicho karibu zaidi na mkono wake ni uchafu wa moyo wake mwenyewe. Ubaya ni kwamba kosa halionekani palepale. Unatia weusi kisanduku kimoja kwa kubahatisha, mambo yanakwenda vizuri mistari kadhaa, na ukija kugundua umeshaharibu ukurasa mzima.

Sasa twende Gikondo. Kila Alhamisi jioni nilichelewa kurudi. Nguo zangu zilinuka mafuta ya gari. Kwenye simu yangu alikuwapo mtu niliyemwandika "Mwalimu", na ujumbe wake ulipoingia wakati mwingine nilitabasamu. Rafiki yako akakuambia ameniona nikishuka kwenye pikipiki karibu na magereji ya huko Gikondo. Hivyo ndivyo visanduku ulivyokuwa navyo. Vya kweli vyote, sikatai hata kimoja.

Ukanichorea mwanaume.

Nilikuwa najifunza kuendesha gari. Mji mzima huu watu wanahangaikia provizwari, ile leseni ya muda, na perimi, leseni yenyewe, hakuna jambo la kawaida kuliko hilo. Ila wewe, nilipoanguka mtihani wa provizwari, uliwasimulia rafiki zako mezani, na mimi nimeshika sahani zao. "Mama Keza anasoma alama ya barabara kama kitambaa ya kitenge," ukasema, wakacheka, ukawaongezea chakula. Nikaapa kwamba mara nyingine utaniona nikiwa nyuma ya usukani, hutaona kabla. Mwalimu ni mzee wa Kikristo mwenye gari linalovuja oili, na aliponiandikia "leo umeegesha vizuri" nilitabasamu, kwa sababu ni muda mrefu nyumbani kwangu hakuna aliyeniambia nimefanya kitu vizuri.

Ungeniuliza ningekuambia. Ningenuna, lakini ningekuambia. Kuuliza si ujinga, hata watoto wa chekechea wanafundishwa. Wewe ukaita wazee.

Ulikaa sebuleni kwa mama yangu ukiwa na koti la harusini, ukapanga ushahidi wako mmoja mmoja: Alhamisi, mafuta, Mwalimu, tabasamu. Ukawaambia, "Mvua, dalili yake iko mawingu." Methali uliitoa kwangu, na ukaivunja mguu njiani. Umeishi Kigali miaka yote hii. Mawingu mangapi umeyaona yakikaa juu ya kilima asubuhi nzima, kisha yakaondoka bila kutulowesha?

Mjomba wangu akakuuliza, "Wewe mwenyewe ulimuuliza mkeo?"

"Sina haja ya kuuliza, mjomba. Kila kitu iko wazi."

Nikasema niulize sasa, hapa, mbele yao. Ukamgeukia mjomba ukasema ninyamaze, wanaume wanazungumza. Ndipo nilipomtazama mama. Aliinamisha macho. Kwa muda mfupi tu, lakini aliinamisha, mama aliyenilea ukimbizini Karagwe tukiwa hatuna kwetu, akihesabu heshima kuwa ndiyo mali pekee tuliyovuka nayo mpaka. Aliniamini baadaye, nilipomweleza jikoni. Yale macho sijayasahau. Heshima hiyo hukuichukua kwangu peke yangu, uliichukua na kwake, na hairudishwi na kreti ya bia.

Mwezi uliopita dada yako alituona Nyabugogo, mimi nikiendesha na mama pembeni yangu kashikilia mkanda kwa mikono miwili. Jioni hiyohiyo ukaandika: "Nimeelewa sasa. Ulikuwa unajifunza gari. Moyoni nilijua iko hivyo. Yamekwisha, tunakuja kukuchukua."

Umeona usukani, ukamaliza picha. Hujaniuliza mimi, hujamuuliza mama, Mwalimu humjui hata sura. Na safari hii umepatia, na hilo ndilo linalonichefua kuliko yote. Ulipokosea angalau kulikuwa na matumaini kwamba utajifunza. Kubahatisha ukapatia kunamfundisha mtu kubahatisha tena. Umenitangaza malaya kwa kukisia, na sasa unanitangaza mwema kwa kukisia, na katika hali zote mbili mimi sikuhitajika. Kesho nikinunua viatu vipya utaona nini? Sitaki kuishi katika nyumba ambamo usafi wangu unategemea nani aliyenikuta barabara gani.

Usidhani sikukumbuki. Nakukumbuka, hasa Jumapili, na inaniudhi. Keza anauliza utakuja lini, namwambia Jumamosi, maana ni kweli.

Njooni. Mama ameshaazima viti, na hakuna atakayewavunjia heshima wazee wako. Utasimama useme kosa lako kama inavyotakiwa, nasi tutasikia unalijua kiasi gani. Mjomba atanigeukia aniulize kama nitarudi Kinyinya. Nitasema sirudi. Nakuambia leo ili usije ukapoteza njia nzima ukiwaeleza wenzako jinsi uso wangu utakavyokuwa umelainika.

Huenda nitalia nikilisema. Ukiyaona machozi, Baba Keza, usiwaambie watu ni ya nini.

Safari njema ya kuja, na ya kurudi.

Mama Keza,
aliyekuwa mkeo