Mbio za Idi Kilindoni

Shikamoo, dada Zuhura. Najua ulitaka habari za pweza wa nazi wa huku Mafia, lakini leo sina.

Jana, Idi pili, shemeji Hamadi alishinda mbio za pikipiki hapa Kilindoni. Uwanja mzima ulikuwa vumbi na vigelegele. Binamu yetu Mwanaidi akakimbia kumtandikia mumewe kanga apite juu yake kama bwana harusi, ila aliitandaza kabla pikipiki haijasimama. Kanga ikanaswa na mnyororo, Hamadi akarushwa, akafa pale pale.

"Si nilikuwa nafurahi tu?" Mwanaidi anatuuliza mpaka sasa.

Mkumbatie mumeo akitoka kazini, hata kama mmenuniana. Na Mwanaidi akija huko, usimuulize kama ile kanga uliyomtumia ilimpendeza.

Mdogo wako, Rehema