Kaka Yangu Ametoka Gerezani, Nami Nimemdhamini

Mama Raudha, shikamoo. Nisaidie mwenzio, kichwa kimevurugika. Kaka yangu Ngusa alifungwa kwa kumdhalilisha kingono mtoto wa jirani yetu kule Nyarugusu, amemaliza kifungo, sasa mwezi wa nne anaishi kwangu, na huko gerezani alihudhuria mafunzo yote ya kurekebisha tabia mpaka wakamsifu, na akieleza majuto yake utalia, mimi nililia, ila siku moja nikamuuliza kama huwa anamwombea yule mtoto, akaniangalia kama nimemuuliza bei ya chumvi, akasema, "Yule si alishakua? Mimi ndiye niliyepoteza miaka."

Nikajiambia ni uchungu wa jela. Kanisani alitoa ushuhuda kwamba alifungwa kwa ugomvi wa machimboni, watu wakalia, nami nikanyamaza nikidhani ni aibu tu, na sasa anataka awe anampitia shuleni binti yangu Noela wa miaka tisa, nikikataa anasema sijamsamehe, na mama anasema damu nzito kuliko maji. Juzi mzee wa kanisa, Bartholomeo, akaniuliza kama Ngusa anafaa kufundisha kwaya ya watoto, nikamjibu anafaa, na wanaanza Jumamosi. Amepona au hajapona? Namwonea, au najidanganya?

Zipora, Ngokolo

Marahaba, Mama Noela. Pole, mzigo huo ni mzito. Lakini uliusikia uongo kanisani ukaunyamazia, kisha ukaudhamini.

Kama amepona, mimi sijui, na wewe hujui. Wapo waliotenda kosa kama lake, wakatibiwa, wasirudie. Wapo pia wanaokariri maneno ya toba huku moyo haujaguswa, na hao huwafurahisha sana walimu wao. Kuwatofautisha ni kazi ya mtaalamu wa saikolojia, tena kwa muda. Machozi si kipimo. Anayeujua udhaifu wake hukaa mbali na watoto bila kuambiwa. Kaka yako anawafuata.

Usingoje jibu ndipo uwalinde. Leo hii nenda kwa Bartholomeo, umwambie ulikosea na umweleze kosa lenyewe. Ngusa atafutiwe makazi pasipo na mtoto. Noela muulize taratibu, umsikilize, na ukisikia lolote nenda dawati la jinsia la polisi. Afisa ustawi wa jamii wa kata atakuelekeza kwa mtaalamu.

Kumsamehe unaweza, hata kumpelekea chakula. Watoto usimpe. Akikasirika, atakuwa mtu mzima aliyekasirika, na hilo linavumilika.