Ile sikukuambia ku mulango

Likasi, mwezi wa saba

Yaya Noëlla, dada mukubwa,

Ni miye Arielle, ule alikuwa anaogesha mama yako huku ku nyumba ya bazee. Kitambaa yake ya kichwa ilibakia chini ya matela ya kitanda. Nimeifula, iko kwangu. Ku kitanda yake balilalisha mama moja wa Kakontwe, kule banavunja mawe, anakohoa sana sababu ya ile vumbi. Baridi imezidi.

Yaya, siku ulikuja kumukamata mama umurudishe ku nyumba, kazi yangu ilikuwa kukuonyesha yote: namna ya kumugeuza, namna ya kumukalisha, namna ya kumulisha. Ukaandika yote ndani ya kaye. Lakini asubuhi ile, wakati nilikuwa namuvalisha, mama alinishika mukono: "Mwanangu, usimuambie kama maji inanipalia. Ataogopa, ataniacha huku." Miezi nane tulikuwa tunapika maji yake na unga kidogo, ikiwa nzito, ndiyo inapita ku koo. Alitaka tu kurudia ku nyumba yenu. Nikamusikilia huruma.

Ku mulango uliniuliza: "Hakuna kitu ingine?" Nikajibu: "Hakuna."

Siku ya tatu tukasikia.

Bantu ba kanisa banasema hauli tena, unaangalia mikono yako tu, na bandugu yako banasema ni weye uliua mama na kikombe ya maji. Aliomba maji, ukamupa. Weye haukujua. Miye nilijua.

Usichome hii barua. Ubasomee bote.

Ni miye Arielle, ule alijibu "Hakuna".