Shangazi Walioshushwa Garini

Rafiki yangu Kiti, leo nimeaibika. Mtaani kwetu Tudor sitaki kuonekana tena.

Ile gari yangu Celica niliyoikata springi ikae chini, nikaitia na spesa ili magurudumu yatokeze nje, ndiyo niliyombebea dada yangu Mirriam kwenda kanisani kuolewa. Shangazi wawili wakakaa naye nyuma.

Hatujafika hata mtaa wa Tononoka, tairi zikaanza kusuguana na bodi. Moshi na harufu ya mpira.

Nikasema kwa kinywa changu mwenyewe: "Shangazi, naomba mshuke, gari limelemewa."

Yaani nimewaambia shangazi zangu wanalilemea gari. Siku ya harusi, Kiti.

Shangazi mkubwa akauliza taratibu, "Ulipolijaribu, ulimpakia nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

Mirriam naye akashuka. Akashika gauni lake, wakaenda kwa miguu.

Nikawafuata na gari tupu lenye maua. Na lilivyopendeza likiwa tupu, nilitaka kulia.