Ufa Chini ya Boriti ya Tatu

Baba,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti hapa kibarazani. Tangu tulipokuzika kihambani, hapa kwenye shamba la ukoo, Mama amekwenda kukaa kwa kaka Arusha. Nyumba nzima ni yangu na migomba.

Bado niko kwenye ile barabara ya juu upande wa Kiboriloni, nakagua zege. Ulifurahi nilipopata kazi hii, wewe uliyemwaga zege maisha yako yote. Unakumbuka lile kalavati la Njoro? Nilikuwa darasa la nne. Ulikishika kidole changu ukakipitisha kwenye ufa. "Manka, ufa usiuogope. Uulize umetoka wapi."

Niliporudi kutoka kwenye msiba wako niliukuta mmoja. Si zile nyufa nyembamba za juu, zinazotokea jua na upepo vikikausha zege kabla halijamwagiliwa vya kutosha. Huu ulianzia chini, katikati ya boriti ya tatu, ukapanda. Ukucha wangu uliingia.

Nikauliza umetoka wapi. Walinificha siku mbili. Kumbe nikiwa kwako huku, natupa udongo, wao waliondoa mirunda, zile nguzo zilizoishikilia boriti. Zege halikuwa limemaliza hata wiki, Baba. Lilibebeshwa uzito wake lenyewe kabla halijakomaa.

Msimamizi akasema, "Dada, tuzibe tu, tuendelee. Wageni wanakuja kukagua."

Nilikataa kutia saini. Kazi ikasimama, vibarua wakarudishwa nyumbani. Elia, uliyemfundisha wewe kufunga nondo, alinipita getini bila salamu. Kwa mama lishe nilikuwa nikikaa benchi zima peke yangu. Wiki tatu hivyo. Nilitamani uwepo, hata unigombeze.

Baadaye walitoboa vipande vya zege wakaenda kuvipima. Vilipondeka mapema mno. Kumbe hata maji yalizidishwa wakati wa kuchanganya, ili zege limwagike kwa urahisi. Boriti ikavunjwa. Nilisimama kwenye vumbi lile nikalia, na walionitazama walidhani nalilia zege.

Hakuna aliyesema nilikuwa sahihi. Elia pekee ndiye aliyekuja, akavua kofia ngumu. "Manka, pole na Mzee. Sikukupa pole." Basi, akarudi kazini.

Sijui ungenisifu, au ungeniuliza kwa nini niliondoka bila kumwachia mtu maagizo kuhusu mirunda. Swali hilo nalala nalo.

Boriti mpya imeshamwagwa. Naimwagilia mwenyewe asubuhi na jioni, magunia yamelowa, na mirunda haitaguswa mpaka vipimo viseme.

Pumzika, Baba. Lori la kwanza litakapopita pale juu, nakuahidi, mimi nitakuwa nimesimama chini ya boriti hiyo.

Binti yako,
Manka